Mivinyo bora duniani na kinachoitofautisha: hoja yangu ni kwamba mingi ilizaliwa na taabu

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Mijadala ya mvinyo huishia mara nyingi kwenye bei na majina: nani amekunywa chupa gani, ya mwaka gani, na iligharimu kiasi gani. Naomba uzi huu tuupeleke kwingine. Tuitazame mivinyo ambayo kwa vizazi vingi imekubalika kuwa ya kiwango cha juu, kisha tujiulize ni nini hasa kilichoifikisha hapo. Msimamo wangu nausema mapema ili mwenye hoja tofauti ajiandae: ukifuatilia chanzo cha mvinyo mkubwa, karibu kila mara utakutana na kikwazo. Pengine ni baridi iliyozuia zabibu kuiva vizuri, pengine ni kuvu lililovamia vichala, joto la safari ndefu ya bahari, au udongo ambao mkulima mwingine asingeuthubutu. Watu wa mahali hapo walishindwa kukiondoa kikwazo hicho, wakajifunza kufanya kazi nacho, na ladha tunayoisifu leo imetokana na kujifunza huko.

Sababu ya kitaalamu haina utata. Zabibu inapoiva, sukari huongezeka na ugwadu hupungua, huku ganda likijenga rangi, harufu na ule ukakasi wa tanini unaokausha ulimi. Penye joto jingi na udongo wenye rutuba, sukari hupanda haraka na ugwadu huporomoka kabla harufu hazijakomaa, kwa hiyo mvinyo hutoka mzito, wenye kilevi kikali, na usio na la kusema baada ya funda la kwanza. Penye taabu kiasi, uivaji huchukua muda mrefu, mavuno huwa machache, na sukari, ugwadu na harufu hukutana vikiwa vimelingana.

Nianze na Champagne, kwa kuwa ushahidi wake uko wazi. Eneo hilo la kaskazini mwa Ufaransa, lenye miji ya Reims na Épernay, lilikuwa karibu na ukomo wa mahali ambapo zabibu zinaweza kuiva. Zamani, mvinyo uliokuwa ukichachuka kwenye mapipa ulikatizwa na baridi kabla hamira haijamaliza sukari. Hali ya hewa ilipopata joto tena, hamira iliamka ikaendelea na kazi, na gesi yake ikanaswa ndani ya mvinyo. Kwa watengenezaji wa karne ya 17 hiyo ilikuwa kasoro. Mtawa Dom Pérignon wa abasia ya Hautvillers, aliyefariki mwaka 1715 na ambaye wengi bado humtaja kuwa mvumbuzi wa mapovu, alijitahidi kuyazuia. Walioyapenda walikuwa Waingereza, ambao chupa zao, zilizotengenezwa kwenye tanuru za makaa ya mawe, zilihimili mkandamizo kuliko za Wafaransa. Mwaka 1662 Mwingereza Christopher Merret aliwasilisha kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, maelezo ya namna wafanyabiashara walivyoongeza sukari kwenye mvinyo ili utoe povu.

Leo kasoro hiyo ndiyo utaratibu wenyewe. Mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa hufungwa, na uchachukaji wa pili hufanyika humo humo mpaka mkandamizo unafikia takriban mara sita ya ule wa hewa ya kawaida. Hamira ikiisha chakula chake hufa na kutua ubavuni mwa chupa. Sheria inataka chupa ikae ghalani angalau miezi 15, na 12 kati ya hiyo iwe juu ya mashapo hayo. Chupa inayobeba mwaka wa mavuno hukaa miaka 3, na nyumba nyingi kubwa, yaani kampuni za kutengeneza mvinyo, huiacha zaidi. Humo ndimo hutoka ile harufu ya mkate uliotolewa tanuruni sasa hivi. Kisha kuna kazi ya kuyaondoa mashapo bila kupoteza gesi, na hapa jina linalostahili heshima ni la mjane Clicquot, ambaye nyumba yake ilianza kutumia meza yenye matundu mnamo mwaka 1816. Chupa huchomekwa kichwa chini, huzungushwa kidogo kidogo siku baada ya siku, na mashapo huteleza taratibu mpaka yote yanakusanyika shingoni. Shingo hugandishwa kwenye kimiminika baridi sana, chupa hufunguliwa, na mkandamizo huirusha nje barafu ndogo yenye uchafu wote ndani yake, ukiacha mvinyo unaong'aa.

Kwa maoni yangu, kinachoitofautisha Champagne nzuri ni ugwadu wake, na mapovu huja baadaye. Iache glasi mpaka mapovu yaishe, kisha onja: iliyo bora itabaki mvinyo kamili wenye chumvichumvi ya udongo wa chokaa, na iliyo dhaifu itabaki ukali na sukari tu.

Mfano wa pili ni kuvu, na ndio unaonivutia kuliko yote. Huko Sauternes, kusini mwa Bordeaux nchini Ufaransa, kijito cha Ciron chenye maji baridi hukutana na mto Garonne wenye maji ya joto zaidi, na asubuhi za vuli ukungu huyafunika mashamba. Unyevu huo huleta kuvu liitwalo Botrytis cinerea. Mvua ikiendelea, kuvu huozesha kila kitu. Lakini jua la mchana likikausha vichala, kuvu hutoboa ganda la zabibu kwa vitundu visivyoonekana, maji hutoka, na ndani hubaki sukari, ugwadu na harufu vilivyokolea. Ukikitazama kichala kimoja kwa karibu utaona zabibu za dhahabu zilizo nzima, nyingine zimegeuka rangi ya zambarau iliyofifia, na nyingine zimenyauka na kufunikwa na vumbi la kijivu ambalo mtu asiyejua angelitupa mara moja. Mvunaji hukata zile zilizonyauka tu kwa mkasi mdogo, huziacha nyingine, na hurudi kwenye mstari ule ule tena na tena kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana Château d'Yquem, shamba maarufu la huko, husemwa kuwa hupata takriban glasi moja kwa kila mzabibu, na katika miaka kama 1992 na 2012 haikutoa mvinyo wake mkuu kabisa kwa sababu mavuno hayakufikia kiwango.

Huko Tokaj, Hungaria, ukungu hutoka kwenye mito ya Bodrog na Tisza, na zabibu kuu ni Furmint. Mashamba ya huko yaliwekewa mipaka kwa amri ya kifalme mwaka 1737, zaidi ya karne moja kabla ya madaraja maarufu ya ubora ya mashamba ya Bordeaux, ya mwaka 1855. Zabibu zilizonyauka, ziitwazo aszú, huchumwa moja moja na kulowekwa ndani ya mvinyo au maji ya zabibu yanayochachuka. Zikirundikwa kabla ya kulowekwa, uzito wake wenyewe hukamua kiasi kidogo cha maji mazito, na hicho ndicho Eszencia: zaidi ya gramu 450 za sukari kwa lita moja, kitu ambacho hamira huchukua miaka kukichachusha na mara nyingi hakifikii kilevi cha asilimia 5. Utamu kiasi hicho ungepaswa kuchosha mdomo, lakini ugwadu wa Furmint huusafisha ulimi mpaka mtu anatamani funda jingine. Wanaosema mvinyo mtamu si wa watu makini, nawaomba wauonje huu kabla ya kuendelea na msimamo huo.

Na wa tatu kwa ufupi: Mosel, Ujerumani. Mteremko wa Calmont ulioko Bremm hufikia nyuzi 65 hivi, na huko mkulima hupanda akishikilia mawe. Miamba myeusi inayokatika vipande bapa hulinyonya jua la mchana na kulirudisha usiku, na zabibu nyeupe ya Riesling huiva kwa shida hadi Oktoba au Novemba. Matokeo yake ni mvinyo ambao mara nyingi una kilevi cha asilimia 8 tu na bado huishi miongo kadhaa, ukihama kutoka harufu ya tofaa bichi na limau hadi asali, pamoja na ile harufu ya ajabu inayokumbusha mafuta ya taa. Mimi huuweka juu ya mivinyo yote myeupe.

Karibuni mnipinge.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, hongera kwa andiko lenye maelezo. Nina mashaka mawili hata hivyo. La kwanza, umechagua mifano inayokufaa. Bordeaux na Burgundy, maeneo mawili ya Ufaransa ambayo ndiyo yanayotajwa kwanza popote panapozungumzwa mvinyo mkubwa, hukuyagusa ila kwa Sauternes, na sioni taabu gani kubwa iliyokuwepo katika mashamba ya matajiri na watawa. La pili, sehemu kubwa ya sifa za mivinyo hii ni biashara. Madaraja ya mwaka 1855 yalipangwa na madalali wa Bordeaux kwa ajili ya maonyesho ya Paris, wakifuata bei za sokoni, na tangu hapo karibu hayajabadilika, isipokuwa shamba la Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Je, inawezekana kweli kwamba kwa zaidi ya miaka 150 hakuna mwingine aliyeshuka wala kupanda?

#3 – Mwanzisha uzi

Mkuu, shaka la pili nalipokea bila kubisha. Madaraja ya 1855 yanatueleza soko la siku zile, na mtu anayenunua kwa kuyategemea peke yake anajinyima mengi. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulipatikana Paris tarehe 24 Mei 1976, pale mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier alipowapa waonjaji wa Kifaransa glasi zisizo na majina. Katika mivinyo myekundu iliongoza Stag's Leap ya mavuno ya 1973, na katika myeupe iliongoza Chateau Montelena ya mwaka huo huo, zote za Napa, California, zikiwa zimewekwa pamoja na majina makubwa ya Bordeaux na Burgundy. Watetezi wa Ufaransa walidai kwamba mivinyo ya California isingezeeka vizuri. Mwaka 2006 ile myekundu ilionjwa tena, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, na iliyoongoza ilikuwa Monte Bello ya 1971 kutoka kampuni ya Ridge, ya California vilevile.

Lakini shaka lako la kwanza silikubali. Angalia udongo wa Médoc, sehemu maarufu ya Bordeaux: ni marundo ya kokoto zilizoletwa na mito, zisizoshika maji wala rutuba, ambazo mahindi yangekataa kuota juu yake. Mzabibu hulazimika kupeleka mizizi chini, kokoto hulitunza joto, na zabibu nyekundu ya Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva katika hali ya hewa ya bahari, hupata nafasi yake. Mashamba ya Latour, Lafite na Margaux yako juu ya kokoto hizo. Shamba la Pétrus ni kinyume chake, nalo linafundisha: liko Pomerol, sehemu nyingine ya Bordeaux, kwenye kilima kidogo cha udongo mzito wa mfinyanzi, na humo zabibu ya Merlot hustawi mahali ambapo Cabernet ingebaki mbichi. Kwa hiyo Bordeaux ni suala la kujua zabibu ipi inavumilia taabu ipi.

Burgundy ndiko mahali ambapo tofauti hupimwa kwa hatua za miguu. Watawa wa abasia ya Cîteaux waliyalima mashamba yale kwa karne nyingi, wakagundua kwamba vipande viwili vinavyopakana hutoa mivinyo isiyofanana, na wakajenga kuta kuvitenganisha. Clos de Vougeot, lenye ukuta wao mpaka leo, lina takriban hekta 50, na baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuyanyang'anya mashamba ya kanisa na sheria za urithi kuyagawa, sasa lina wamiliki wapatao 80. Sehemu ya juu ya mteremko humwaga maji vizuri, ya chini karibu na barabara hutuamisha, na jina kwenye chupa ni lile lile. Mnunuzi wa Burgundy hana budi kumjua mkulima. Pinot Noir, zabibu nyekundu ya huko, ina ganda jembamba, huoza upesi, huharibiwa na baridi ya machipuko, na haisamehi uzembe. Shamba la Romanée-Conti lina hekta 1.8 tu. Baada ya mavuno ya 1945, mizabibu yake mizee iling'olewa kwa kuwa ilikuwa imechoka, na shamba halikutoa mvinyo tena hadi 1952. Chupa za mwaka ule wa mwisho zilikuwa takriban 600, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani New York kwa dola 558,000. Bei hiyo, mkuu, ni ya uhaba na fahari. Hapo tuko pamoja. Hata hivyo, ubora wa shamba lile ulijulikana muda mrefu kabla ya minada.

#4 – Mchangiaji wa pili

Nimesoma kwa makini na ninaunga mkono hoja ya mwanzisha uzi, ila nashangaa ameiacha mivinyo miwili ambayo ndiyo inayoithibitisha kuliko yote.

Wa kwanza ni Madeira. Mapipa yaliyopakiwa melini katika kisiwa hicho cha Ureno yalivuka ukanda wa joto kuelekea India na Amerika, na kwa mujibu wa kanuni zote za utunzaji wa mvinyo yalipaswa kuharibika. Yale yaliyorudi yalionekana kuwa bora kuliko yalivyoondoka. Watengenezaji wakaanza kuyapeleka mapipa baharini kwa makusudi, na baadaye wakaleta joto lenyewe nyumbani: mivinyo ya kawaida hupashwa moto kwenye matangi kwa miezi kadhaa, na ile mikubwa hukaa kwenye mapipa chini ya mapaa yenye joto kwa miaka mingi. Kuna Sercial ambayo ni kavu, kisha Verdelho, Boal, na Malvasia iliyo tamu kuliko zote. Kwa kuwa joto na hewa vimekwisha kuutendea mvinyo huo kila kinachoweza kutendwa, chupa iliyofunguliwa hudumu miezi bila kuharibika, na chupa za zaidi ya miaka 100 bado zinanyweka kwa raha.

Wa pili ni mvinyo wa Jerez, Hispania. Huko pipa halijazwi mpaka juu, na juu ya mvinyo huota utando mweupe wa hamira uitwao flor. Mahali pengine utando juu ya mvinyo ni dalili ya pipa kuharibika. Hapa utando huo huukinga mvinyo na hewa, hula sehemu ya kilevi na sukari, na huacha ukavu wenye harufu ya lozi na upepo wa bahari, hasa katika ile ya mji wa pwani wa Sanlúcar. Mtengenezaji akiongeza kilevi mpaka kupita asilimia 17 hivi, utando hufa, hewa huingia, na mvinyo ule ule hugeuka kuwa oloroso ya rangi ya kahawia. Mapipa hupangwa kwa ngazi: mvinyo wa kuuza hutolewa kwenye safu ya mwisho, ile hujazwa kutoka safu inayofuata, na kuendelea hadi mvinyo mchanga, kwa hiyo kila chupa ina chembe za miaka mingi sana. Ni huzuni kwamba mvinyo wenye kazi kubwa namna hii husahaulika watu wanapotaja mikubwa.

Ningeongeza Assyrtiko, zabibu nyeupe ya Santorini, Ugiriki, ambako upepo ni mkali kiasi kwamba mizabibu husokotwa kwa duara chini ardhini na zabibu hukua katikati, zikikingwa na majani. Mvua ni chache, na jua halina huruma, lakini ugwadu haupungui.

#5 – Mwanzisha uzi

Dada, ahsante sana. Hiyo ya Jerez ilipaswa kuwa kwenye andiko la kwanza. Mfano wako wa Santorini pia unanisaidia kurekebisha kauli yangu kuhusu joto: nilisema joto huporomosha ugwadu, na kwa zabibu nyingi ni kweli, lakini Assyrtiko ni miongoni mwa chache zinazoukataa mwelekeo huo.

#6 – Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza jambo la vitendo. Nikipewa glasi isiyo na jina, bila kujua shamba wala mwaka, nitautambuaje ukubwa wa mvinyo? Nimesikia watu wakitaja matunda, maua na ngozi ya viatu, na siwezi kusema kwamba nimevisikia vitu hivyo vyote.

#7 – Mwanzisha uzi

Ndugu, usihangaike na orodha za matunda. Kila mtu ana kumbukumbu zake za harufu, na hakuna aliyekosea kwa kukumbuka kitu tofauti. Mimi ningekushauri uangalie mambo ambayo hayategemei kumbukumbu.

Kubwa kuliko yote ni muda ambao ladha hubaki baada ya kumeza. Mvinyo wa kawaida hutoweka mara moja, au hubakiza kilevi na ukali tu. Mvinyo mkubwa huendelea kwa muda mrefu, na harufu zake hubadilika ukiwa umekwisha kumeza. Pili, angalia kama kuna kitu kinachojitokeza peke yake. Kilevi kikichoma koo, au mbao za pipa zikitangulia zabibu, au utamu ukiachwa bila ugwadu wa kuusindikiza, mvinyo huo haujalingana, hata kama ni ghali. Tatu, rudi kwenye glasi baada ya nusu saa. Ulio mkubwa utakuwa umesogea, na mara nyingi utakuwa bora.

Kwa mazoezi hayo hakuna mwalimu kama Barolo, kutoka milima ya Langhe huko Piemonte, Italia. Zabibu yake ni Nebbiolo, ambayo huchipua mapema na kuvunwa ikichelewa, mara nyingi hadi Oktoba, kwa hiyo hukabiliwa na baridi ya mwanzoni na mvua za mwishoni. Mimina kwenye glasi uinamishe juu ya karatasi nyeupe: rangi ni hafifu, nyekundu inayoelekea kwenye udongo wa matofali hasa ukingoni, na mtu angetarajia kinywaji chepesi. Pua huleta waridi zilizokauka na lami. Kisha unapoonja, ukakasi wa tanini huikaza mizizi ya meno na fizi kwa nguvu ambayo rangi ile haikuitangaza, ugwadu huja nyuma yake, na ladha haitaki kuondoka. Sheria inautaka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mbao, na hata hapo chupa ya mwaka mzuri huwa bado changa. Ukiunywa mapema utauona mkali na utajiuliza wanausifia nini. Ukiupa miaka 15, ule ukakasi hulainika na kuacha utamu wa ajabu usiotokana na sukari.

#8 – Mchangiaji wa kwanza

Nakubali kwa kiasi kuhusu Burgundy. Ila bado nina hoja. Australia, Lebanoni na Afrika Kusini zina mivinyo mikubwa, na sidhani kwamba jua lao ni kikwazo cha aina uliyoieleza. Penfolds Grange ya Australia, kwa mfano, hutokana na zabibu nyekundu za Shiraz za sehemu mbalimbali zilizoiva vizuri kabisa. Taabu iko wapi hapo?

#9 – Mwanzisha uzi

Swali hili nililisubiri, kwa sababu linanilazimisha kupanua hoja. Kikwazo kinaweza kuwa binadamu.

Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa Penfolds, alirudi Australia kutoka Ulaya akiwa ameonja Bordeaux kongwe, na mwaka 1951 akatengeneza Grange ya kwanza ya majaribio, akikusudia mvinyo mwekundu wa kuishi miongo kadhaa katika nchi ambayo wakati ule ilipendelea mivinyo iliyoongezwa kilevi. Waonjaji wa mwanzo hawakuupenda, na mwaka 1957 uongozi wa kampuni ukamwamuru aache. Hakuacha. Mavuno ya 1957, 1958 na 1959 aliyatengeneza kwa siri, bila fedha za mapipa mapya. Chupa za mwanzo zilipofikisha umri zikaanza kueleweka, na akaruhusiwa tena mwaka 1960. Kwa hiyo Grange inabeba uvumilivu wa mtu mmoja aliyejua kwamba alikuwa akihukumiwa kabla ya wakati.

Château Musar ya Lebanoni ni mfano mzito zaidi. Mizabibu yake iko Bonde la Bekaa, na kiwanda kiko Ghazir, upande wa pili wa milima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kuanzia 1975 hadi 1990, na katika miaka hiyo mtengenezaji wake, Serge Hochar, aliendelea kuvuna, malori ya zabibu yakivuka maeneo ya mapigano. Mwaka 1976 haikuwezekana kutengeneza mvinyo. Ukiuonja Musar, mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan, utaona hauna usafi wa kimaabara. Una ukali kidogo wa siki, viungo na matunda makavu, na kila mwaka ni tofauti. Wapo wanaouhesabu kuwa na dosari. Mimi nauhesabu miongoni mwa mivinyo yenye uhai mwingi zaidi duniani.

Na Constantia, karibu na Cape Town, iliteswa na historia. Ardhi alipewa Simon van der Stel, mkuu wa koloni la Waholanzi la Cape, mwaka 1685, na katika karne ya 18 na ya 19 mvinyo mtamu wa huko ulikuwa ukiagizwa na nyumba za kifalme za Ulaya. Napoleon aliunywa akiwa kifungoni St Helena. Kisha ukatoweka karibu kabisa kwa karne nzima, hadi shamba la Klein Constantia lilipoufufua kwa mavuno ya 1986, kwa zabibu za Muscat zilizoachwa zikauke juu ya mzabibu bila msaada wa kuvu.

#10 – Mchangiaji wa pili

Tukitaja maangamizi, tusimsahau phylloxera. Mdudu huyo mdogo alitoka Amerika, akaingia Ufaransa katika miaka ya 1860, akaishambulia mizizi na kuua mashamba karibu ya Ulaya nzima. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunga mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya Amerika iliyozoea kuishi naye, na hivyo ndivyo inavyopandwa mpaka sasa. Chile na Santorini ni miongoni mwa sehemu chache alizoshindwa. Ninachotaka kumuuliza mwanzisha uzi ni hiki: ikiwa ubora hutokana na kikwazo, itakuwaje baridi itakapoondoka?

#11 – Mwanzisha uzi

Dada, hilo ndilo linaloniumiza kichwa, na dalili zipo tayari. Mvinyo wa barafu wa Ujerumani huhitaji zabibu zigande juu ya mzabibu kwa baridi isiyopungua nyuzi 7 chini ya sifuri, na kwa mavuno ya 2019 baridi hiyo haikufika, ikawa mara ya kwanza kwa nchi nzima kuukosa. Taittinger, mojawapo ya nyumba kubwa za Champagne, ilinunua ardhi Kent, kusini mwa Uingereza, mwaka 2015 na kuanza kupanda mwaka 2017, kwa kuwa chokaa ya huko inafanana na ya kwao na hali ya hewa sasa inaruhusu. Katika Champagne yenyewe mavuno yamesogea mapema, na kilio cha zamani cha zabibu kutoiva kinageuka kuwa hofu ya ugwadu kupungua.

Bordeaux wamechukua hatua ambayo miaka 50 iliyopita ingeonekana kufuru: mwaka 2021 waliruhusiwa kupanda aina mpya kadhaa, ikiwemo Touriga Nacional ya bonde la Douro, Ureno, ambayo imezoea joto na ndiyo uti wa mgongo wa Port, mvinyo wa Ureno ulioongezwa kilevi. Zimewekewa ukomo wa asilimia 5 ya eneo la shamba na asilimia 10 ya mchanganyiko. Kwa kiwango hicho sitegemei ladha ya Bordeaux ibadilike karibuni. Lakini nawaomba wenye chupa za mavuno ya sasa wazionje pamoja na za miaka ya 1980, wakiuangalia ugwadu na kiwango cha kilevi kabla ya jambo jingine lolote, na watuandikie humu walichokikuta.